Madoti kwenye picha uliyoskani, na skana yenyewe haina makosa

Mwezi huu maswali mengi yamekuja ya aina moja: picha iliyotoka kwa gazeti, kalenda au jarida ikiskaniwa inajaa vidoti na mawimbi. Nimechagua machache, la kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu hayo mengine yote yanategemea hilo, kwa hivyo hata kama swali lako ni lile la mwisho anza hapo juu.

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi nafremu na kuprinti picha hapa Kondele, Kisumu. Kuna mteja wangu ana hoteli, anataka picha ya Gor Mahia ya 1987 ukutani. Ameniletea kipande cha gazeti ambacho babake alikuwa ameweka ndani ya Biblia miaka hiyo yote, ni nyeusi na nyeupe, upana kama inchi 4 hivi. Nimeskani kwa 300 ikatoka na mawimbi mawimbi usoni mwa wachezaji, nikapangusa kioo nikaskani tena, bado. Jamaa mmoja wa kurekebisha mashine akaniambia skana imekufa ninunue ingine. Lakini picha za studio zikiwekwa kwa skana hiyo hiyo zinatoka safi. Shida ni nini? Na mteja anataka ukubwa wa futi 3.
*Mwenye duka la fremu, Kondele*

Kaka, pesa yako iache mfukoni. Umejijibu mwenyewe uliposema picha za studio zinatoka safi. Skana ni nzima, kilicho tofauti ni ile karatasi uliyoiweka.

Chukua lenzi ya kukuza, au hata simu uisogeze karibu kabisa na kile kipande cha gazeti. Utaona hakuna rangi ya kijivu popote, iko wino mweusi na karatasi basi. Mashine ya kuchapa magazeti haina wino wa kijivu, inachoweza ni kuweka wino au kutoweka, kwa hivyo ili macho yako yaone kijivu wanachapa madoti, makubwa pale pa giza na madogo pale pa mwanga, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka kwa kipimo kimoja. Hiyo mbinu wachapaji wanaiita hafutoni na ni ya zamani sana, gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha ya namna hiyo tarehe 4 Machi 1880, na mpaka leo gazeti unalonunua pale steji limechapwa kwa wazo lile lile. Picha ya studio iliyosafishwa kwa kemikali haina hayo madoti, rangi inapanda na kushuka polepole, ndio maana haikusumbui.

Sasa skana nayo ina mpango wake, inasoma karatasi kwa vijiraba vidogo, pikseli, navyo vimepangwa kwa mistari. Umeshawahi kuangalia mwangaza kupitia chandarua mbili zilizolaliana? Unaona mawimbi makubwa ambayo hayako kwa chandarua ya kwanza wala ya pili. Ndicho kilichotokea, mistari ya gazeti imelaliana na mistari ya skana na mawimbi yakazaliwa katikati. Jina lake ni moare.

Na hii ndio sehemu nataka uishike: yale madoti sio uchafu ulioingia juu ya picha. Madoti NDIO picha. Nyuma yake hakuna picha nyingine safi inayongoja kufunuliwa. Kwa hivyo kazi yetu ni kuyayeyusha yarudi kuwa kijivu, na hiyo inataka yaonekane vizuri kwanza kwa skana kabla ya kuyayeyusha. Hapo ndipo watu wengi wanakosea, wanaona madoti halafu wanaskani kwa rezolusheni ya chini, yaani pikseli chache kwa kila inchi, ati yasionekane sana, na hivyo ndivyo unayaita mawimbi kabisa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Magazeti mengi huchapwa kwa mistari kama 85 kwa inchi, majarida ya karatasi ya kung'aa 133 mpaka 150, vitabu vizuri vya picha 175 kwenda juu. Ukiskani gazeti la mistari 85 kwa 300, yaani pikseli 300 kwa inchi, kila doti inapata pikseli tatu na nusu tu, hapo skana inakisia. Ukiskani kwa 600 doti inapata pikseli 7, ukienda 1200 inapata 14, na sasa doti ni doti, ina umbo. Kwa hivyo skani kwa 600 ikiwa mashine yako ni ya kawaida, 1200 ikiwa kompyuta ina nguvu, lakini usipite rezolusheni halisi ya skana yenyewe, zile namba kubwa kubwa zinazoandikwa kwa boksi mara nyingi programu inazitunga tu.

Kabla ya kubonyeza, mambo manne. Zima kila kitu kinachonoa picha kwenye setingi za skana, hiyo inayoitwa "Unsharp Mask" au "Sharpen", kwa sababu itanoa madoti. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, nitakwambia sababu. Weka karatasi nyeusi nyuma ya kipande cha gazeti, kwa sababu gazeti ni jepesi na maandishi ya upande wa pili yatapenya, karatasi nyeusi inayameza. Na sevu kwa TIFF au PNG, sio JPEG, maana JPEG inakata picha kwa viboksi vya pikseli 8 kwa 8 na kuharibu ule mpangilio wa madoti tunaoutegemea.

Skana nyingi zina kisanduku cha kuweka tiki kimeandikwa "Descreen" au "Descreening", na ndani unachagua gazeti, jarida au kitabu. Kijaribu kwanza. Kwa kazi nyingi za duka, sema picha ndogo ya kuweka kwa kadi, kinatosha na unaweza kufunga ukurasa huu urudi kazini. Lakini kwa kitu cha kuenda futi 3 mimi ningefanya kwa mkono kwa sababu hicho kisanduku hakikuulizi, kinatia ukungu kiasi kinachotaka.

Kwa mkono ni hivi. Fungua faili kwa GIMP, programu ya kurekebisha picha, ni ya bure. Kwa sababu gazeti limegeuka njano, tenganisha rangi uchukue chaneli nyekundu peke yake, madoa ya uzee na unjano hufifia sana hapo, ndio maana nilisema skani kwa rangi. Kisha tia ukungu wa "Gaussian Blur", anza na kama nusu ya umbali wa doti hadi doti, yaani kwa 600 na gazeti anza na 3, ongeza kidogo kidogo, simama pale tu madoti yanapopotea, usizidishe hata kidogo. Angalia ukiwa umeweka 100% kwenye skrini, kwa sababu ukipunguza picha ionekane yote, skrini yenyewe inaweza kukuletea mawimbi ya uongo ukaanza kutibu ugonjwa ambao haupo. Halafu ndio upunguze ukubwa wa faili, nusu au theluthi. Mwisho kabisa ndio unanoa, kwa kiasi. Mpangilio ni huo: skani kubwa, yeyusha, punguza, noa. Ukinoa kabla ya kupunguza unafufua madoti.

Kitu kingine kinasaidia, weka kile kipande kimelala upande kidogo kwenye kioo, kama digrii 10 au 15, kisha ukinyooshe kwa programu baadaye. Madoti ya picha nyeusi na nyeupe kawaida yamepangwa kwa digrii 45, ukibadilisha pembe wakati mwingine mawimbi yanapungua yenyewe. Sio dawa ya kila siku lakini ni ya bure.

Sasa futi 3. Hapa lazima uongee ukweli na mteja kabla hajalipa. Mistari 85 kwa inchi mara inchi 4 ni madoti 340 kwa upana wote, ukibahatika picha hiyo ina habari ya pikseli 340 hadi 680 basi, hata kama faili yako inasoma elfu nne. Ukiivuta mpaka inchi 36 unapata kama pikseli 9 hadi 19 za kweli kwa kila inchi. Itakuwa laini. Ikiwekwa juu, mtu akiiangalia kutoka meza ya mbali akila samaki wake, itapendeza, lakini yule wa meza ya chini yake ataona ukungu. Mimi ningempa njia mbili achague: ama apunguze mpaka futi 1 na nusu, ama uachane na kuyeyusha kabisa, skani kwa 1200, vuta madoti yawe makubwa yaonekane wazi kuwa ni madoti ya gazeti, nyeusi kwa nyeupe, kama bango. Kwa ukuta wa hoteli hiyo ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza, inaonekana imekusudiwa, na kila mtu anaelewa ni kitu cha gazeti la zamani. Gor Mahia sare ya 2-2 kule Tunis na 1-1 Kasarani, kombe la klabu za Afrika likabaki nyumbani kwa bao la ugenini, hiyo habari inastahili kuonekana kama gazeti. Na mimi damu yangu ni ya Ingwe, AFC Leopards, nasema hivi kwa uchungu.

Neno moja la pembeni: kufremu nakala ya mteja mmoja ni jambo moja, kuprinti nyingi na kuziuza ni lingine. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda picha kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa au kuchapishwa, ikihesabiwa ile tarehe iliyokuja mwisho, kwa hivyo picha iliyochapwa 1987 ina mwenyewe mpaka mwisho wa 2037. Na ukiwaandikia wenye gazeti kuomba ruhusa, uliza pia kama wana picha yenyewe kwa maktaba yao. Ikiwepo, haya yote niliyoandika hapo juu hutayahitaji.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina saiba Bungoma na kazi kubwa hapa ni programu za mazishi. Familia imeniletea picha ya marehemu iliyo kwa kalenda ya kanisa, ya rangi, wanasema hawana ingine. Kwa skrini nimeisafisha ikawa nzuri, nikiprinti kwa leza inarudi na vistari kwa uso. Halafu kijana wangu amesema kuna app za akili bandia zinasafisha uso kwa sekunde moja, nitumie?
*Mama wa saiba, Bungoma*

Marahaba mama, na poleni na kazi hiyo, si rahisi kukaa na familia zikiwa kwa hali hiyo.

Nianze na la app kwa sababu hapo nina msimamo mkali. Usitumie kwa uso wa marehemu. Hizo app hazisafishi, zinachora. Zinaona madoti, zinakisia "hapa kuna jicho" na kuchora jicho zuri la mtu mwingine. Kwa picha ya mahali au gari haina neno, lakini mjane atashika ile programu mkononi na atajua kuna kitu si sawa hata kama hawezi kukwambia ni nini. Uso laini kidogo ambao ni wake ni bora.

Kuhusu vistari: printa yako ya leza nayo inachapa kwa madoti, haina njia nyingine. Kwa hivyo kama umebakisha masalio ya madoti ya kalenda, hata kama jicho halioni kwa skrini, madoti ya printa yatakutana nayo na kuzaa moare upya kwenye karatasi. Hii inamaanisha picha ya kuprinti inatakiwa iyeyushwe zaidi kidogo kuliko ile ya kuweka kwa simu. Na printi moja ya majaribio kwa printa ile ile na karatasi ile ile kabla ya kutoa nakala zote, kwa skrini hutajua.

Ya rangi ina utundu wake. Hapo kuna wino nne, siani, majenta, njano na nyeusi, na kila moja ina gridi yake iliyogeuzwa pembe yake, kawaida nyeusi digrii 45, majenta 75, siani 15, njano 0, ndio madoti yasigongane. Ukikuza utaona yanajipanga kama viua vidogo. Skani kwa 600, kalenda nzuri ya mistari 150 itakupa pikseli 4 kwa kila doti, anza na ukungu wa 2. Ukiona uso unapoteza uhai kabla viua havijaisha, tenganisha picha kwa LAB ndani ya GIMP, hiyo inaweka mwanga peke yake na rangi peke yake, halafu tia ukungu mwingi kwenye zile chaneli mbili za rangi na kidogo tu kwenye ile ya mwanga. Macho ya binadamu hayajali rangi ikiwa laini, yanajali mwanga, kwa hivyo unaweza kuzipiga rangi ukungu sana na hakuna atakayegundua. Ukirudisha pamoja, noa macho na midomo tu, mashavu na paji la uso viache.

Bahati yako ni kwamba picha ya programu ni ndogo. Kama kwa kalenda uso una upana wa inchi 3 na wewe unauprinti kwa inchi 1 na nusu, kule kupunguza peke yake kumeshakufanyia nusu ya kazi.

Na ile "hatuna ingine" huwa siiamini mara ya kwanza. Uliza pole pole kuhusu kitambulisho, picha ya pasipoti iliyobaki kwa bahasha, albamu ya harusi ya jirani, fomu ya chama cha akiba, kanisa lililochapa kalenda maana lazima walipewa picha na mtu. Na wakikutumia kwa WhatsApp waambie watume kama dokumenti, sio kama picha, kwa sababu ikitumwa kama picha inabanwa na kupunguzwa njiani, na unajua sasa kupunguza kabla ya kuyeyusha kunazaa nini.

SWALI: Niaje fundi, niko Njoro, mwanafunzi. Nimesikia kuna njia ya FFT ya kutoa madoti bila kutia picha ukungu. Ni kweli ama ni hadithi? Na lazima ninunue Photoshop?
*Mwanafunzi, Njoro, Nakuru*

Ni kweli, na hapana, usinunue.

Wazo ni la Joseph Fourier, Mfaransa wa hesabu, ambaye kitabu chake cha 1822 kilihusu joto wala hakikujua skana. Alionyesha kwamba mchoro wowote unaweza kuvunjwa kuwa mawimbi mengi ya kawaida yaliyojumlishwa, mengine mapana, mengine membamba. FFT ni njia ya haraka ya kufanya hiyo hesabu kwa kompyuta, Cooley na Tukey waliitangaza 1965. Sasa fikiria picha yako ya gazeti: uso, shati, ukuta, hivyo vyote ni mchanganyiko wa mawimbi ya kila aina, lakini madoti yanajirudia kwa kipimo kimoja kila mahali, kwa hivyo ukivunja picha namna hiyo madoti yote ya ukurasa mzima yanajikusanya mahali pachache tu na kuonekana kama nyota zinazong'aa kuzunguka katikati. Unafuta nyota, unarudisha hesabu nyuma, picha inarudi bila madoti na kingo zake bado ziko kali. Mara ya kwanza ukiona inafanyika unaweza kudhani ni uganga.

Pakua ImageJ, ni ya bure, ilitengenezwa kwa ajili ya watafiti kule taasisi ya afya ya Marekani, NIH, na inatumika sana kwa picha za darubini. Fungua picha ya kijivu, nenda Process, kisha FFT, kisha FFT tena. Itafunguka dirisha jeusi lenye ukungu mweupe katikati na nyota pembeni. Zungushia kila nyota duara dogo uijaze nyeusi, halafu rudi Process, FFT, uchague Inverse FFT. Usiguse katikati kabisa, hapo ndipo mwangaza wa picha na maumbo makubwa yanaishi, ukifuta hapo umefuta picha. Anza na nyota zilizo karibu na katikati, zile za mbali huwa hafifu. Nyota zinakuja mbili mbili zikitazamana, ukifuta moja futa na pacha wake. Kwa picha ya rangi tenganisha chaneli tatu, fanya kila moja, uziunganishe.

Inashindwa wapi? Karatasi ikiwa imejikunja au kukunjamana, nafasi ya madoti inabadilika kutoka pembe moja hadi nyingine na nyota zinageuka kuwa madoa mapana yasiyofutika bila hasara. Picha iliyopita kwa JPEG mbaya pia. Na picha iliyochapwa na printa za wino za nyumbani, hizo madoti yake yametawanywa bila mpangilio kwa makusudi, hakuna gridi, hakuna nyota, huko tumia ukungu tu. Mimi binafsi hutumia FFT kwa picha moja ambayo kweli inastahili muda, kazi ya wingi naachia kisanduku cha skana.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu Kakamega, sina skana, natumia simu kupiga picha za vitabu vya zamani niweke kwa noti za wanafunzi. Zinatoka na mawimbi. Na nikitumia app ya kuondoa madoti maandishi yanafifia.
*Mwalimu, Kakamega*

Mwalimu, maandishi hayana madoti, yamechapwa wino mzima, kwa hivyo ukiyatia dawa ya madoti unayaumiza bure. Gawanya ukurasa: maandishi yaache makali, chagua boksi la picha peke yake ndio ulitie ukungu. App nyingi za kuskani kwa simu zinanoa kila kitu ili maandishi yasomeke, sasa kwa picha hiyo ni sumu, tumia kamera ya kawaida.

Piga karibu na dirisha mchana, bila flashi, kitabu kilale sawa, na simu iwe karibu kiasi kwamba picha ya kitabu ijaze fremu yote. Usitumie zumu ya vidole. Piga moja sawa, nyingine ukiwa umezungusha simu kidogo, nyingine ukiwa umesogea nyuma au mbele kidogo, moja kati ya hizo itatoka na mawimbi machache na hiyo ndiyo utakayoifanyia kazi. Na kabla ya yote vuta picha karibu kwenye simu uone, mara nyingi mawimbi yako kwa kioo cha simu tu, faili haina neno.

SWALI: Hujambo fundi. Niko Siaya, naskani albamu ya nyanya yangu. Hizi sio za gazeti, ni picha za studio kabisa, lakini zikiskaniwa zina vinukta vinukta vinavyong'aa kama ngozi. Nimejaribu Descreen, haibadiliki kitu.
*Mjukuu, Siaya*

Sijambo. Pitisha kidole juu ya hiyo picha taratibu, kwa upande, ukiisikia ina vinundu basi umepata jibu. Studio nyingi za miaka ya 70 na 80 zilipenda karatasi yenye sura ya hariri au vishimo vidogo, haikuonyesha alama za vidole na ilipendeza kwa mkono. Hayo sio madoti ya wino, ni vilima na mabonde ya karatasi, na taa ya skana inakuja kutoka upande mmoja kwa hivyo kila kilima kinang'aa upande huu na kutupa kivuli upande ule. Descreen inatafuta mistari ya wino, hapo haina cha kukamata.

Dawa ni kuskani mara mbili. Mara ya kwanza kawaida kwa 600, kisha igeuze picha kwenye kioo, kichwa kiwe chini, skani tena kwa setingi zile zile bila kubadilisha mwangaza. Kwa kompyuta geuza faili ya pili irudi wima, iweke juu ya ya kwanza kama safu, ipunguze uwazi iwe 50% na uilinganishe polepole mpaka macho ya huyu na macho ya yule yakae pamoja. Sasa pale palipokuwa na mng'ao safu nyingine ina kivuli, vinakutana na kuuana, na uso unabaki. Kulinganisha ndiko kunakochosha, ukikosea hata pikseli mbili uso unakuwa na ukungu, kwa hivyo kuza mpaka uone kope.

Vikibaki vinukta, vile vishimo vya karatasi vimepangwa kwa kipimo kimoja, kwa hivyo FFT niliyomweleza wa Njoro inafanya kazi hapa vizuri sana, nyota zake mara nyingi ni sita. Na kama albamu ni ya kurasa zenye gundi, usiivute picha kwa nguvu ikikataa. Iskani ikiwa hapo hapo kwa ukurasa wake, ila ukurasa ukishindwa kugeuka kichwa chini kwenye kioo itabidi uipige kwa kamera kivulini, mwanga ukitoka pande zote mbili sawa.